Mafua ya msimu kwa wazee: dawa ya chafya na figo zilizochoka

Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, vumbi la Marafa huingia kila mahali: kwenye vyombo, kwenye matandiko na kwenye pua za watu. Mvua za mwaka zikinyesha vumbi hutulia, lakini wiki chache baadaye nyasi na mahindi huchanua, na chafya zinarudi kwa njia nyingine. Kijana hununua vidonge vya shilingi kidogo dukani, akameza, akalala, na kesho yake yuko shambani. Mzee wa miaka 75 akimeza vidonge hivyo hivyo anaweza kushinda akisinzia, akashindwa kukojoa, au akaanza kuzungumza na watu wasiokuwepo.

Kidonge ni kile kile. Mwili ndio si ule. Figo na ini ndivyo vinavyoondoa dawa mwilini, na kasi yake hupungua umri unaposonga au maradhi yanapovishika. Dawa basi hubaki ndani muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, na dozi ya kesho humwagwa juu ya ile ya leo. Makala haya yanaeleza namna ya kutibu mafua ya msimu kwa mzee wa aina hiyo: pa kuanzia, dawa inayopunguzwa, dawa inayoepukwa, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa.

Kwanza, je, ni mzio?

Mzio, au aleji kama wengi tunavyoita, ni kinga ya mwili kupigana na kitu kisicho na madhara. Mwili hutoa kemikali iitwayo histamini, nayo huleta chafya za mfululizo, kamasi nyepesi kama maji, pua kuziba, na macho kuwasha na kutoa machozi. Muwasho ndio alama kubwa. Mafua ya virusi mara nyingi huja na homa au kuumwa mwili, na huisha baada ya wiki moja hivi. Mzio hauna homa, na hudumu maadamu kinachouchokoza kipo.

Vichokozi vya huku kwetu vinajulikana. Chavua ya nyasi na ya mahindi hupeperushwa na upepo, kwa hivyo humfikia hata asiye na shamba. Chavua ya mwembe na mkorosho ni nzito zaidi na hubebwa hasa na wadudu, ingawa anayeshinda chini ya mti uliochanua anaweza kusumbuka. Baada ya mvua, kuvu huota kwenye makuti yaliyolowa, kwenye kuta, na kwenye mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka vizuri. Na mwaka mzima unyevu wa pwani hulea utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na mito.

Vumbi la barabarani na moshi wa kuni au wa kuchoma mashamba ni jambo jingine. Hivyo huwasha pua hata kwa mtu asiye na mzio, na vidonge vya mzio havisaidii sana. Kufunga kitambaa puani, kunyunyiza maji kabla ya kufagia, na kuhamisha meko mbali na anapolala mzee kutafanya kazi kubwa kuliko kidonge.

Kwa mzee kuna tahadhari zaidi. Mzio wa pua kwa kawaida huanza utotoni au ujanani. Aliyefika miaka 70 bila kusumbuka, kisha akaanza ghafla, achunguzwe kabla ya kuambiwa ana aleji. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kinahitaji kipimo cha kifua kikuu. Kukosa pumzi usiku, pamoja na miguu kuvimba, kunaweza kuwa ni moyo. Pua inayoziba upande mmoja tu na kutoa damu yataka daktari wa masikio, pua na koo.

Kisha kuna kikohozi kikavu kinachowasha koo na kuletwa na dawa za presha zenyewe, zile za jamii ya enalaprili, kaptoprili na lisinoprili. Mzee anaweza kumeza dawa za aleji kwa miezi asipone, kumbe tiba yake ni kubadilishiwa kidonge cha presha. Asikiache mwenyewe, maana presha itapanda. Arudi kliniki aseme: "Tangu nianze dawa hii ninakohoa." Ziko dawa nyingine za presha, kama losatani, ambazo mara chache huleta kikohozi hicho.

Figo na ini la mzee

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kuanzia miaka ya 40 hivi, nguvu ya kuchuja hupungua polepole hata kwa mwenye afya, na presha au kisukari huongeza kasi hiyo. Sisi wa pwani tuna sababu nyingine tunayoisahau: kichocho cha njia ya mkojo. Wazee wengi walikua wakioga kwenye mito, mabwawa na vidimbwi, wakakojoa damu utotoni na ikachukuliwa kuwa ni jambo la kawaida. Kichocho kisichotibiwa kinaweza kuacha makovu kwenye kibofu na kwenye mirija ya mkojo, mkojo ukarudi nyuma, na figo zikaumia miaka mingi baadaye.

Ubaya wa figo ni kwamba huharibika kimya kimya. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya figo zake bila kuhisi maumivu yoyote. Njia ya kujua ni kupima damu. Maabara hupima kreatinini, kisha hukokotoa kiwango cha uchujaji, ambacho kwenye karatasi ya majibu huandikwa eGFR. Kiwango cha 90 na zaidi kwa kawaida ni kizuri. Kikiwa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 30 hali ni nzito, na chini ya 15 figo zimeshindwa kazi.

Hapa pana mtego. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Bibi mwembamba, misuli imekwisha, anaweza kuonyesha kreatinini iliyo "sawa" ilhali figo zake zimepungua sana. Kwa hivyo usiridhike na kuambiwa "kreatinini iko sawa". Uliza eGFR ni ngapi, na hakikisha umri wa mzee umeandikwa sahihi, maana umri huingia kwenye hesabu hiyo.

Ini nalo huchoka. Homa ya ini aina ya B na unywaji wa mnazi wa miaka mingi ni miongoni mwa yanayolidhuru. Macho kuwa manjano na tumbo kujaa maji ni dalili za hatua ya mbali, na mwenye dalili hizo asimeze kidonge chochote cha dukani kabla ya kuonwa na daktari.

Wahudumu wa afya wa jamii wanaopita majumbani walikabidhiwa mwaka 2023 mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Hawapimi figo, lakini presha au sukari iliyopanda ni sababu tosha ya kumpeleka mzee kupimwa figo. Ikiwa safari ya kwenda hospitali ya Malindi haiepukiki kwa jambo jingine, ombeni kipimo hicho siku hiyo hiyo, nauli iwe moja.

Anza na tiba zisizozitegemea figo

Habari njema ni kwamba tiba nzuri za mafua ya mzio hufanya kazi pale pale puani, na ni kidogo sana kinachoingia kwenye damu.

Ya kwanza ni maji ya chumvi. Chemsha maji yatokote kwa dakika moja au zaidi, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha mililita 250. Mzee ainamie beseni, avute au asukumiwe maji hayo polepole kwenye tundu moja la pua kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yatoke upande wa pili. Mara moja au mbili kwa siku yatosha. Maji yasiyochemshwa, yawe ya kisima, ya bwawa au ya mfereji, yasiingizwe puani kamwe, kwa sababu yanaweza kubeba vijidudu hatari. Mzee anayepaliwa kwa urahisi au aliyepata kiharusi asifanyiwe hivi bila ushauri.

Ya pili ni dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, kama beklometasoni au flutikasoni. Kwa mzio wa pua unaodumu, hii hushinda vidonge, hasa pua ikiwa imeziba. Haifanyi kazi kwa kupuliza mara moja. Huhitaji siku kadhaa, pengine wiki mbili, ndipo nguvu yake ionekane, na wengi huiacha mapema wakidhani ni mbovu. Kichwa kiinamishwe mbele kidogo, mkono wa kulia upulize tundu la kushoto na wa kushoto tundu la kulia, na ncha ielekezwe upande wa sikio, isielekee ukuta wa katikati ya pua. Hivyo damu ya pua hupungua. Kwa kawaida hakuna haja ya kupunguza dozi kwa sababu ya figo. Tahadhari iko kwa anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri: hiyo huzuia ini kuvunja steroidi, ikajaa mwilini. Amwambie daktari kabla ya kuanza, wala asione haya.

Kwa macho yanayowasha, kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi hutuliza, na yako matone ya macho ya mzio. Mwenye glakoma, yaani presha ya macho, asitumie matone yoyote bila ushauri. Tena matone ya timololi yanayotibu glakoma yanaweza kubana kifua cha mwenye pumu.

Nyumbani, anikeni godoro na mito juani, fueni shuka kwa maji moto kila wiki, na mzee akitoka shambani anawe uso na abadilishe nguo kabla ya kujilaza.

Vidonge: kipi, kwa nani

Vidonge vikihitajika, chagua vile vya kizazi kipya visivyolevya sana. Kwenye maduka ya dawa utakutana hasa na vitatu, na kila kimoja kina mlango wake wa kutokea mwilini.

Setirizini hutoka kwa figo. Sehemu kubwa yake, kama asilimia 70, hutoka kwenye mkojo. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya dawa huondoka kwa takribani saa 8. Kwa mwenye figo zilizopungua kiasi, muda huo unaweza kuwa mara tatu. Ndiyo maana dozi ya kawaida ya miligramu 10 kwa siku hupunguzwa hadi miligramu 5, yaani nusu kidonge, figo zikiwa zimepungua kiasi. Zikipungua sana, nusu hiyo hutolewa siku moja na kurukwa siku moja, na figo zilizoshindwa kabisa kwa kawaida haipewi. Hata mzee ambaye hajapimwa, ni busara aanzie nusu kidonge, jioni. Setirizini huweza kuleta usingizi kwa baadhi ya watu.

Loratadini huvunjwa na ini. Haileti usingizi sana kwa dozi ya kawaida ya miligramu 10 kwa siku. Mwenye ini lililoharibika vibaya huanzishwa kidonge kimoja kila siku ya pili, na miongozo mingine hufanya hivyo pia kwa mwenye eGFR chini ya 30.

Feksofenadini haivunjwi sana mwilini. Nyingi hutoka na choo na kiasi kidogo na mkojo. Ndiyo yenye usingizi mdogo kuliko zote tatu, lakini dozi yake pia hupunguzwa figo zikiwa dhaifu, na si kila duka la kijijini huwa nayo. Imezwe kwa maji matupu. Maji ya machungwa, ya balungi au ya tufaha huzuia isiingie vizuri mwilini, na vidonge vya kiungulia vyenye alumini na magnesi navyo huizuia, kwa hivyo vipishane kwa saa mbili hivi.

Setirizini na loratadini humezwa mara moja kwa siku, na kwa mzee aliyeruhusiwa kufunga Ramadhani wakati wa futari unafaa. Aliye na figo dhaifu aulize kwanza kama saumu yenyewe inamfaa, kwa kuwa kukaukiwa na maji huziumiza figo zaidi.

Piriton na jamaa zake

Kidonge kinachojulikana zaidi vijijini ni Piriton, na dawa iliyomo inaitwa klorofeniramini. Ni rahisi, hupatikana hata kwenye maduka ya sukari na sabuni, na watu wamekitumia miaka mingi. Pamoja nacho ni promethazini, inayouzwa kwa jina la Phenergan. Hivi ni vya kizazi cha kwanza, na kwa wazee ni bora viepukwe. Orodha ya Beers, ambayo tangu 1991 imekuwa ikitaja dawa zisizofaa wazee na sasa husimamiwa na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani, inashauri vivyo hivyo.

Sababu ni mbili. Kwanza, hupenya hadi kwenye ubongo. Pili, huzuia ujumbe wa neva zinazoendesha kibofu, utumbo, mate na macho. Matokeo yake ni mdomo kukauka, choo kufunga, macho kuona ukungu, na mkojo kukwama, hasa kwa baba mwenye tezi dume iliyovimba. Aina moja ya glakoma inaweza kuzidi ghafla. Mzee huamka usiku kwenda msalani akiwa na kizunguzungu, akaanguka, akavunjika nyonga. Klorofeniramini hukaa mwilini muda mrefu, mara nyingi nusu yake huchukua saa 20 au zaidi kuondoka, na figo zikiwa mbovu huchukua zaidi. Anayemeza mara tatu kwa siku anajaza debe ambalo halimwagwi.

Mzee akianza kuweweseka

Dawa hizi zinaweza kumchanganya mzee akili: akasahau alipo, akaona vitu visivyokuwepo, akasema peke yake, akatembea uani usiku wa manane. Katika kaunti yetu hili si jambo dogo. Kilifi imezika wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na Kaya Godoma huko Ganze imekuwa ikiwahifadhi waliokimbia kuuawa na watu wao wenyewe. Mzee anayeonekana nje usiku akinong'ona anaweza kutengenezewa kesi kabla jua halijachomoza.

Kabla ya kutafuta wa kupiga ramli, fungueni mfuko wa dawa. Ulizeni: ameanza kidonge gani wiki hii? Cha mafua? Cha usingizi? Cha maumivu? Kisha mpelekeni kituo cha afya pamoja na mfuko huo, maana malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, au sukari kushuka pia huchanganya wazee. Ikiwa ni dawa, mara nyingi akili hutulia siku chache baada ya kuiacha, ingawa mwenye figo dhaifu huchukua muda zaidi. Na majirani waambiwe wazi kwamba ilikuwa dawa. Neno hilo linaweza kuokoa maisha.

Vinavyojificha kwenye mfuko huo huo

Vidonge vya mafua vya mchanganyiko vina dawa tatu au nne ndani yake. Vingi vina klorofeniramini, kwa hivyo anayemeza hivyo pamoja na Piriton anameza dawa moja mara mbili. Vingi pia vina dawa ya kuzibua pua, kama pseudoefedrini au fenilefrini, ambayo inaweza kupandisha presha na kukwamisha mkojo. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo asivitumie.

Diklofenaki na ibuprofeni mara nyingi huuzwa pamoja na dawa za mafua "kwa ajili ya kichwa". Hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo, na hatari huzidi mzee akiwa anameza enalaprili pamoja na dawa ya kukojosha. Kwa maumivu, parasetamoli kwa dozi sahihi ni salama zaidi kwa figo. Mwenye ini bovu aulize kiasi.

Matone ya kuzibua pua yasizidi siku tatu hadi tano. Yakizidi, pua hujiziba yenyewe kila yanapoachwa.

"Sindano ya aleji" mara nyingi ni steroidi ya kukaa muda mrefu. Hutuliza haraka, na ndiyo sababu hupendwa, lakini inaweza kupandisha sukari na presha kwa wiki kadhaa na, ikirudiwa kila msimu, ikadhoofisha mifupa.

Kuhusu miti shamba, kujifukiza mvuke hakugusi figo, ila maji ya moto yamewaunguza wengi, kwa hivyo sufuria iwe chini, imara, na asiachwe peke yake. Mizizi na magome ya kunywa ni habari nyingine. Kiasi chake hakipimwi, na kinachochujwa huchujwa na figo zile zile. Daktari aambiwe bila kuficha.

Ya kusema kwenye duka la dawa

Aliyetumwa dukani mara nyingi ni mjukuu, naye husema tu, "Nipe dawa ya mafua." Mpeni maneno haya aende nayo:

- Dawa ni ya mzee, miaka kadhaa, uzito wake takribani kilo kadhaa.
- Ana presha, kisukari, pumu, glakoma, tezi dume, au shida ya figo au ini.
- Hizi hapa dawa anazomeza sasa. Abebe paketi zenyewe.
- eGFR yake ya mwisho ilikuwa kadhaa, tarehe fulani.
- Je, dawa hii inatoka kwa figo au kwa ini? Je, aanze na nusu?
- Je, ina klorofeniramini ndani yake?

Nunueni kwa mfamasia aliyesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, ambaye leseni yake hutundikwa ukutani. Andikeni tarehe ya kuanza dawa. Ikifika wiki mbili bila nafuu, msiongeze dozi. Rudini kwa daktari.

Usisubiri asubuhi

Mpelekeni mzee hospitali mara moja akishindwa kupumua, midomo au ulimi ukivimba, asipokojoa nusu siku huku tumbo la chini limejaa na kuuma, jicho likiuma ghafla na kuona kukififia, akichanganyikiwa ghafla, au akisinzia kiasi cha kutoamshika. Uvimbe wa midomo unaweza kuletwa na mzio mkali, na pia na enalaprili na dawa za jamii yake, hata kama amezimeza miaka mingi bila shida. Bebeni dawa zake zote, za hospitali, za dukani na za mitishamba, ili anayempokea ajue kilicho ndani ya mwili huo kabla ya kuongeza kingine.